Mabaki ya Saa Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, natoka kazini. Nimefika nyumbani viatu vimejaa maji, nikamkuta mwenzangu amekaa palepale nilipomwacha asubuhi, kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Nikamwambia mvua imeanza. Akaitikia kwa kichwa. Bila shaka alikuwa akiitazama tangu tone la kwanza.

Naandika humu kwa sababu jioni za nyumba hii zimekuwa ndefu na sina wa kuongea naye. Naona vibaya kuandika hivyo, maana yupo. Kiharusi kilimpata mwishoni mwa mwaka, asubuhi, akinyoa ndevu. Daktari anasema akili yake ni nzima na maneno yake yote yamo kichwani. Vilivyoharibika ni mdomo na ulimi wa kuyatoa. Huandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, herufi moja moja, na kabla hajamaliza neno mimi nimeshakisia sentensi nzima. Nikishakisia, hunitazama kidogo kisha huweka simu chini.

Na huyu ndiye mtu ambaye mji mzima ulimjua kwa sauti. Alisoma taarifa ya habari ya usiku miaka mingi mpaka watu wakasahau jina lake, wakamwita Saa Mbili. Hata sokoni: Saa Mbili, leo umetuletea habari gani? Mimi ni mtunza maktaba ya sauti katika redio hiyohiyo. Yeye alisema, mimi nilihifadhi. Ndivyo tulivyojuana mpaka tukaoana.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake mwenzangu, yule mwenye duka la fotokopi na ufundi wa simu. Shemeji ni mjuaji. Ukimwambia kichwa kinakuuma atakueleza kichwa chako kilivyoumbwa. Lakini leo ameleta jambo la maana. Kuna maabara katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo inayowatengenezea sauti watu walionyang'anywa za kwao. Unawapelekea rekodi za zamani za mtu, kompyuta zao zinajifunza jinsi alivyokuwa akitamka, kisha mgonjwa anaandika kwenye simu na simu inasema kwa sauti yake mwenyewe. Hawatozi kitu, ni utafiti.

Rekodi zake ninazo zote, kila taarifa aliyoisoma. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, "Unasikia? Utasema tena."

Alikuwa anatazama nje.

"Amefurahi," nikamwambia shemeji. Tukakaa kwenye kompyuta ya nyumbani kujaza maombi. Palikuwa na swali kama mwenye sauti amekubali. Nikabofya ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeongea na Mkuu wa redio. Amenikubalia kutumia rekodi, ila kwa sharti: sauti ikitoka nzuri, redio itaitumia kusomea taarifa ya saa mbili. Anasema wasikilizaji wanatukimbia tangu mwenzangu augue, na kijana aliyeshika nafasi yake anasoma kama anayefukuzwa. Nikasema hewala. Nani angekataa kurudishiwa kazi yake?

Paa la maktaba linavuja. Mkuu akaniambia nichukue ile diski ya nje yenye rekodi zote za maktaba nikae nayo nyumbani, itakuwa salama zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua usiku na mchana. Kompyuta ya maktaba imelowa, imekufa. Hivyo rekodi zote za mwenzangu sasa ziko mahali pamoja tu, ndani ya diski ile, kwenye kabati la sahani. Kila nikipita naligusa kabati.

Jumamosi, 15 Machi

Nilituma rekodi chache za majaribio nikiwa nimezifungasha kwa zipu palepale kwenye diski, kama tunavyofanya siku zote kwenye Windows: unabofya folda, unachagua kubana, kwisha. Lango lao la mtandaoni limezikataa. Linapokea faili lenye mwisho wa .tar.gz peke yake, maana mitambo yao yote ni Linux.

Shemeji akacheka. Akasema hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Akafuta neno zip mwishoni mwa jina la faili, akaandika tar.gz, akatuma. Likakataliwa vilevile. Akasema lango lao ni bovu.

Jumatatu, 17 Machi

Mtaalamu wa maabara amejibu. Ni mama mmoja anayeijua lugha yetu, na barua yake inasomeka kama ya mwalimu mwenye subira. Amenieleza kwamba hayo ni mambo mawili. Kwanza tar: inachukua folda na vyote vilivyomo, kwa majina yake na mpangilio wake, na kuvipanga faili hili likifuatwa na lile mpaka viwe faili moja refu. Haibani chochote. Kisha gzip inalibana lile faili moja. Zipu hufanya kazi hizo kwa namna yake, ndiyo maana kubadilisha jina hakusaidii. Ni kama kubandika karatasi ya sukari kwenye kopo la chumvi.

Akasema nisihangaike kutafuta kompyuta ya Linux. Windows ya siku hizi ina amri hiyo ndani yake. Nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, niende kwenye diski ilipo folda ya rekodi zake, niliyoiita Sauti, niandike:

tar -czf sauti.tar.gz Sauti

C ni kuunda, z ni kubana kwa gzip, f ni kutaja jina la faili litakalozaliwa. Basi.

Nilimwuliza jambo lililokuwa likinikereketa. Sisi watu wa sauti neno kubana linatutisha. Nimeona nyimbo zilizobanwa ili zienee kwenye simu, zikatoka nyembamba kama zimeugua. Je, sauti ya mume wangu haitaumia? Akajibu kwamba kubana huko hakupotezi kitu. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Sikuridhika. Nikafungasha taarifa moja, nikaifungua kwenye folda nyingine ya diski ileile, nikailinganisha na ya asili. Hazikutofautiana hata kidogo. Nikaicheza ili niisikie. "Hii ni taarifa ya habari..." Sauti ikajaa sebuleni kama ya zamani.

Mwenzangu alinyanyuka kwenye kiti, akajikokota na mkongojo wake hadi chumbani, akafunga mlango.

Nikasema moyoni, maskini, imemgusa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeanza kufungasha folda nzima. Imeshindikana, diski yenyewe imekaribia kujaa na kompyuta ya nyumbani haina nafasi.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeiambia amri iliandike faili moja kwa moja kwenye flashi kubwa ya shemeji, ambayo ni tupu. Ikaenda vizuri muda mrefu, nami huku napika, kila mara nachungulia. Halafu ikakoma. Ujumbe unasema faili ni kubwa mno. Kubwa vipi, na flashi robo tatu yake iko wazi?

Mwenzangu hataki kula tena na mimi mezani. Anaashiria aletewe palepale dirishani.

Jumatatu, 24 Machi

Mtaalamu amejibu: flashi imepangwa kwa mtindo wa zamani, usioweza kubeba faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata kama nafasi ipo. Inabidi ifomatiwe upya kwa mtindo mpya, kisha nirudie. Nimempigia shemeji. Amesema hiyo ni kazi yake, nisiguse, atakuja Jumamosi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Leo nilikuwa na zamu. Nilimwachia shemeji ufunguo, nikamwonyesha diski ya nje na flashi, zote zimechomekwa kwenye kompyuta, nikamwambia afomati flashi tu. Akaniambia, shemeji, unanifundisha kazi yangu? Nikaenda.

Niliporudi jioni alikuwa anakunywa chai, ameridhika. Akaniambia kazi imekwisha, imechukua siku nzima kwa sababu hakutaka ile ya harakaharaka. Aliondoa alama kwenye kisanduku cha haraka ili isafishwe mpaka chini. Nikashangaa flashi kuchukua siku nzima. Nikaketi, nikaifungua diski ya nje ili nianze kufungasha.

Ilikuwa tupu.

Nikaifunga, nikaifungua tena. Nikaichomoa, nikaichomeka. Shemeji akaja nyuma yangu na kikombe chake, akatazama kioo, kisha akatazama herufi za diski, E na F, na nikamwona akielewa. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani chake.

"Umefuta ipi?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Shemeji," akasema. "Shemeji yangu."

Nikamwambia atoke. Sikupaza sauti, nilimwambia tu atoke kabla sijasema neno la kutuharibia undugu. Akatoka bila mwavuli, na mwavuli wake bado uko nyuma ya mlango.

Mwenzangu alikuwa kwenye kiti chake siku nzima. Kiti kile kinatazama dirisha upande mmoja na meza ya kompyuta upande wa pili. Nilimpigia magoti, nikashika mkono wake mzima, nikamweleza kilichotokea, nikilia. Alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake. Nusu yake haisomeki tena, lakini hata ile nusu nyingine leo ilinishinda.

Jumapili, 30 Machi

Nimempelekea diski fundi wa kuokoa mafaili. Ameniuliza ilifomatiwa vipi. Nilipomwambia, akairudisha mkononi mwangu taratibu, kama anayekabidhi mali ya marehemu. Angefanya ya haraka, amesema, tungezipata. Hii imeandikiwa sifuri juu ya kila kitu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemweleza Mkuu ukweli wote. Nilitegemea anifokee kwa ajili ya maktaba, miaka yote ile ya kazi ya watu. Alichouliza kwanza ni, "Kwa hiyo hatutampata tena Saa Mbili?" Kisha akaniambia niache funguo za maktaba. Kuanzia kesho nakaa mapokezi, napokea simu.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimegombana na mtu asiyesema.

Ilianza kwa jambo dogo. Nilikuwa namlisha supu na kuongea peke yangu, kama ilivyo desturi sasa, nikimlaani shemeji. Nikasema mtu gani anakaa mbele ya kompyuta siku nzima asisome hata jina la diski anayoifuta. Nikasema laiti mtu mwenye macho angekuwepo humu ndani.

Mwenzangu akausukuma mkono wangu wenye kijiko. Akachukua simu. Nikaanza kukisia, "Unataka maji? Supu ni ya moto?" Akapiga kiganja kwenye paja, akaendelea kuandika. Kwa mara ya kwanza tangu augue nilingoja mpaka mwisho. Akanigeuzia kioo.

Niliona.

Nikasema uliona nini. Akaandika, nami nikasimama pale na bakuli mkononi, supu inapoa.

Niliona anabofya diski siyo. Simu ilikuwa chumbani. Niligonga meza. Niligonga sana. Akaniletea maji.

Nilimwona shemeji akilini mwangu, anainuka kwa heshima zake zote, anamimina maji, anamshikia kaka yake bilauri, na nyuma yake ule mstari wa kijani wa kufomati unakula miaka ya maisha yetu. Nikauliza, "Ukafanyaje?"

Akaandika: Nikanywa.

"Ungemwaga maji! Ungeangusha kompyuta! Ungefanya lolote!"

Akaandika, na hii ndiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote. Nilikwenda kuweka bakuli jikoni, nikarudi, alikuwa bado anaandika.

Ningeweza. Alipokwenda kujibu simu nje ningeweza kung'oa waya. Nikafikiri nikaona afadhali.

Sijui nilisema nini. Nilisema mengi. Nilimwita mchoyo. Nilimwambia nimehangaika mwezi mzima na kubana na kubanua kwa ajili yake, nimepoteza kazi yangu, nimemfukuza mdogo wake kwenye mvua, na yeye anakaa kama sultani kuona afadhali. Nikamwambia sisi tunakutafutia sauti yako na wewe unaitazama ikifutwa.

Akaandika: Siyo yangu. Ya kazi.

Halafu: Mnataka Saa Mbili arudi. Mimi nipo hapa. Hamjaniuliza.

Nikachukua mwavuli wa shemeji nikatoka nje. Nimezunguka mitaa mpaka sketi ikalowa magotini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuzunguka mji mzima, ila kadiri nilivyokwenda ikaanza kupotea njia. Nilikuwa nakumbuka kisanduku kile cha maombi. Nilikibofya bila hata kugeuza shingo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwuliza kama anataka sauti kabisa, au hataki. Nikanyamaza nikangoja. Akaandika: Sijui. Nikamweleza pia ahadi niliyompa Mkuu, kwamba ingesoma habari. Akafumba macho.

Hatukuongea tena leo. Naandika hatukuongea, na najua ninachosema.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwandikia mtaalamu kumwambia kwamba rekodi zimepotea na kwamba ridhaa niliyotoa sikuwa na haki ya kuitoa, mwenye sauti hakuulizwa. Nikamshukuru, nikamuaga. Mwishoni, kwa mazoea tu ya kueleza kila kitu, nikataja kwamba kilichobaki ni lile faili lililokatika kwenye flashi, ambalo bila shaka halifai.

Jumatatu, 7 Aprili

Jibu limekuja. Ameandika kwamba mimi nimefanya vizuri kusema kuhusu ridhaa, na kwamba bila neno la mwenyewe hawagusi kitu. Halafu ameongeza: faili hilo usilitupe. Tar hupanga mafaili kwa foleni, na gzip hufunguka kuanzia mwanzo. Likiwa limekatika, litafunguka hadi pale lilipokatika, kisha litalalamika. Vilivyo kabla ya hapo ni vizima. Andika tar -xf na jina la faili.

Flashi ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya kompyuta. Shemeji hakuigusa hata kidogo.

Nikaandika amri. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza. Kwenye dirisha jeusi majina hayaonekani, kwa hiyo nikafungua folda pembeni, nikayaona yakijitokeza moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka kwenye jengo lililoungua. Kisha dirisha jeusi likalalamika kwamba faili limekatika, likanyamaza.

Folda zilifungashwa kwa mpangilio wa alfabeti. Kulikuwa na Mabaki, kulikuwa na Mahojiano, na ya mwisho ilikuwa Taarifa. Mabaki yapo yote. Mahojiano yapo kidogo, ya mwisho yamekatika katikati ya swali. Taarifa haipo hata moja.

Mabaki ni zile taka. Mtangazaji anapokosea, anapokohoa, anapomtania fundi wa studio, tunakata kipande na kukitupa. Mimi vyake sikuvitupa. Nilikuwa mchanga kazini wakati naanza kuviweka, na nilikuwa na sababu zangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikaa na jambo hili jana bila kulisema. Leo baada ya kazi nimevuta kiti karibu na dirisha, nikamweleza kilichobaki, nikamwuliza kama anataka kusikia. Nimejifunza kuhesabu pumzi zangu wakati nangoja. Akainua kidole gumba.

Nikacheza cha kwanza kilichokuja. Sauti ya karatasi. Kisha yeye, akisoma jina la waziri wa nchi fulani, anajikwaa, anarudia, anajikwaa tena, anasema, "Huyu mtu mama yake alikuwa na kinyongo naye." Fundi anacheka kwa mbali. Kingine, kuna nzi studio na anamfukuza kwa maneno ya heshima, kama anamwomba mgeni aliyekaa sana aondoke. Kingine ameshikwa na kwikwi. Kingine anauliza, kwa sauti ya chini asiyojua kama inarekodiwa, "Yule dada wa maktaba leo hayupo?"

Hapo nilisimamisha.

Mwenzangu alikuwa anatoa mlio. Niliogopa, nikainuka nikamshika bega, nikadhani ni kiharusi tena. Kumbe anacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake kipya. Ni kibaya, kama mlango wenye kutu, na kilimtoa machozi kwa jicho moja.

Akaashiria niendelee. Tumesikiliza mpaka giza likaingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemkuta ameandika kwenye simu kabla sijarudi: Huyo sawa. Huyo tumpeleke.

Ridhaa ameiandika mwenyewe kwa mtaalamu, mistari miwili, asubuhi nzima. Sijui aliandika nini. Sikusoma.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefungasha Mabaki na hicho kipande cha Mahojiano. Faili limekaa lote kwenye flashi bila shida. Nimelifungua tena kuhakikisha, kisha nimelituma kwa intaneti ya mapokezi, saa ya chakula cha mchana, mbele ya macho ya Mkuu. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni taka. Akaniuliza kama zinaweza kusomea habari. Nikamjibu kwamba akamwulize mwenye sauti. Akaondoka shingo upande.

Lango limelipokea faili.

Jumapili, 13 Aprili

Shemeji amerudi. Alisimama mlangoni na mfuko wa vifaa vya kunyolea, hakunitazama. Akasema kaka yake ndevu zimekuwa ndefu, ameziona akipita barabarani, na anaomba tu amnyoe kisha aende. Nikampisha.

Nilikuwa jikoni nikawasikia. Shemeji alikuwa anaongea taratibu, si kwa ule ujuaji wake. Anasema kila usiku ikifika saa mbili alikuwa anafungua redio ya dukani mpaka mwisho ili wateja wasikie kwamba yule ni kaka yake. Tangu alipougua anafunga duka mapema, hawezi kumsikia yule kijana. Anasema alitaka sana kuwa yeye atakayemrudisha. Wembe ukawa unakwaruza, halafu ukasimama. Nilipochungulia, mwenzangu alikuwa amemshika mdogo wake kisogoni kwa mkono wa kushoto, povu la sabuni limewapaka wote wawili.

Nimemwambia abaki ale. Mwavuli wake amesahau tena.

Jumanne, 22 Aprili

Kimya cha maabara. Mvua kubwa, barabara ya chini imefungwa.

Alhamisi, 1 Mei

Mtaalamu ameandika: rekodi ni chafu, karatasi, vicheko, kikohozi, lakini ndani yake kuna mtu anayeongea, na kuongea ndiko atakakokuwa anafanya. Zinatosha. Tusubiri.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeota anasema, na nilipoamka sikukumbuka nini. Mapokezini watu wanapiga simu bado wanauliza Saa Mbili atarudi lini. Zamani ningewajibu. Siku hizi nasema sijui.

Jumanne, 20 Mei

Imefika. Shemeji ameiweka kwenye simu, safari hii akinisomea kila anachobofya kabla ya kukibofya. Alipomaliza akamkabidhi kaka yake, tukakaa tukimtazama kama wageni wanaongoja hotuba. Mwenzangu akatutazama mmoja mmoja, akaweka simu mfukoni. Hakusema kitu. Nimejiuma ulimi nisimbembeleze.

Jumapili, 25 Mei

Bado. Nimemsikia chumbani mlango ukiwa umefungwa. Sauti ya chini, neno moja moja, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Sikusogea karibu.

Jumanne, 27 Mei

Leo ilikuwa siku ya daktari. Manyunyu tu, mvua zinakwisha. Tuliingia, daktari akafungua faili lake, akaniuliza mimi kama kawaida, anaendeleaje mgonjwa wetu, analala vizuri? Nami kama kawaida nikafungua mdomo nikasema ndiyo, daktari, usingizi anao wa kutosha.

"Silali," ikasema sauti yake. "Niulize mimi."

Ilitoka kwenye simu, mapajani mwake. Siyo sauti ya taarifa. Ni ile ya pembeni, ya mtu anayeongea na fundi karatasi zikiwa zimeshawekwa chini, na mwishoni ina chembe ya kitu kama kicheko hata pale pasipo na cha kuchekesha. Muuguzi mlangoni aligeuka.

Daktari akageuza kiti chake kutoka kwangu, akakielekeza kwake. Akaanza kumwuliza, na kungoja, na kumwuliza. Nikakaa pale kama msindikizaji, nikasikia mambo ya nyumbani kwangu nisiyoyajua. Kwamba usiku mguu wa kulia unamwaka moto. Kwamba anaogopa bafuni, alishaanguka huko mara moja nikiwa kazini na akajiinua mwenyewe. Kwamba supu ile ninayomlisha kila siku kwa miezi mitano hawezi tena kuivumilia. Kwamba anaogopa kiharusi cha pili kitampata mimi nikiwa mapokezini, nikiwaambia watu sijui.

Tulipotoka manyunyu yalikuwa yamezidi, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka la dawa. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, na chini kabisa kulikuwa na kitu kingine ambacho sijakipatia jina.

"Mguu, kuanguka, yote hayo," nikamwambia. "Mbona hukuniambia? Simu ulikuwa nayo siku zote."

Akaegemeza mkongojo ukutani, akaandika. Watu walikuwa wanatupita wamejifunika magazeti. Sikukisia.

"Ulikuwa unajibu," ikasema sauti.

Nilitaka kusema kitu, nilikuwa nacho tayari kabisa mdomoni. Nikaona kidole gumba chake bado kinatembea juu ya kioo, taratibu, kinatafuta herufi inayofuata. Nikamkingia simu isilowe, nikangoja.